Mzee Fanueli Hakutaka Kumvunja Mtu Moyo

Siku ile Loveness alikuwa mtoni anaosha karoti. Kesho yake ilikuwa gulio la Mlola, na karoti ikifika gulioni na udongo wake hakuna anayeitazama mara mbili. Alikuwa amekunja gauni, maji yanamtafuna miguu kwa baridi, gunia moja limeshatakata na la pili liko katikati, alipomwona mzee Athumani anateremka njia ya mtoni mbiombio, kofia mkononi, mfuko wa rambo unamgonga pajani.

“Shikamoo, baba,” Loveness akasema.

Athumani hakuitikia. Hapo ndipo moyo ulipomlipuka, maana katika milima hii mtu mzima anaweza kukunyima chumvi, anaweza kukunyima hata njia ya kupita shambani kwake, lakini marahaba hakunyimi.

“Toka majini kwanza, mkwe. Toka ukae.”

“Baba amefanya nini?”

“Nimekuambia toka majini.”

“Ameanguka tena?”

Mzee Athumani alikaa yeye kwenye jiwe, akauweka mfuko katikati ya miguu yake. “Ameanguka kwenye tuta la juu, pale anapokata majani ya ng’ombe. Amefikia chini, kwenye mawe. Nimemwita, mwanangu. Nimemwita kwa jina lake, nimemwita kwa jina la baba yake. Mwenyezi Mungu amemchukua.”

Neno la kwanza lililomtoka Loveness halikuwa kilio. Alilitupa chini fungu zima la karoti alilokuwa ameshika, maji yakamrukia usoni, akasema, “Nilimwambia! Si nilimwambia? Si nilimwambia huyu mzee?” Kisha akakaa palepale majini, na gauni lake likaloa mpaka kifuani. Karoti zilichukuliwa na mto, moja moja, na hakuna aliyezifuata.

Loveness alikuwa mke wa mtoto wa marehemu. Mumewe, Kristian, alikuwa fundi wa magari Tanga mjini, anakuja nyumbani Krismasi na Pasaka. Kwa hiyo tangu mama mkwe wake, Esteria, alipolala katika Bwana, aliyempikia mzee, aliyemfulia na kumsindikiza kliniki alikuwa yeye. Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alijua kusoma maandishi ya kwenye boksi la vidonge. Ila mkamwana ni mkamwana: anamwona baba mkwe wake anakosea, anameza mate.

Na mzee Fanueli hakuwa mtu wa kukosolewa ovyo. Alizaliwa, akaoa na kuzeeka kwenye mteremko mmoja, juu ya Mlola. Anayepita kule akayaona mashamba yamekaa kama ngazi, kabichi hapa, maharage pale, na migomba imeshika kingo, ajue kwamba mengi ameyapima yeye. Zamani walipokuja watu wa mradi wa kuhifadhi udongo, walimfundisha kutumia fremu: miti miwili imeungana juu, mti mwingine umekatiza katikati, na jiwe linaning’inia kwa uzi kuonyesha usawa. Wengi walifundishwa pamoja naye wakaacha. Fanueli hakuacha. Aliibeba ile fremu begani kilima hadi kilima, akapimia Wakristo, akapimia Waislamu, akampimia hata jirani aliyekuwa hasemi naye. “Maji hayana upendeleo,” alikuwa akisema. “Ukikosea usawa kwa upana wa kidole, masika itakuja kukuumbua.”

Kanisani walimfanya mzee wa kanisa, na huko nako alipima watu kwa fremu ileile. Kwenye baraza la wazee ndiye aliyeuliza swali ambalo wenzake walilizunguka. Aliyekwenda kwa mganga akachanjwa, awe maskini au awe mwenye lori, Fanueli alitaka atengwe na meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika. Alimwogopa Mungu kweli. Aliamka kwa sala na alilala kwa sala, na sala zake zilikuwa ndefu mpaka ugali ukapoa.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja, na haukuwa dhambi inayojulikana kwa jina. Hakuweza kukataa alichopewa. Siku moja Loveness, ambaye mzee alimwita Mama Aron kwa jina la mjukuu wake, alitia chumvi kwenye maharage, akasahau, akatia tena. Mzee alikula akamaliza, akasogeza sahani aongezewe. “Mboga imekolea leo, Mama Aron.” Usiku alikunywa maji kama ng’ombe aliyetoka malishoni. Alikuwa radhi apasuke tumbo kuliko kumvunja moyo aliyempa.

Ndivyo mambo ya presha yalivyoanza kuharibika.

Waliigundua siku wauguzi walipokuja kanisani kupima watu baada ya ibada. Akaandikiwa kliniki, akaanza vidonge, na kwa muda mrefu alivimeza kila asubuhi bila matata. Halafu akaja mzee Athumani na mizizi.

Athumani na Fanueli walikuwa marafiki tangu ujanani, walipokuwa wakipakia kabichi pamoja kwenye malori. Mmoja alikwenda msikitini, mwingine kanisani, na jioni walikaa benchi moja wakitaniana. Athumani alikuwa na dada yake huko chini Mnazi, na kwenye vichaka vya huko alichimba mizizi fulani ambayo ukiichemsha maji yanakuwa mekundu kama damu ya mzee. Yeye mwenyewe alikuwa na presha, na vidonge hakuwahi kuvitia mdomoni.

“Wewe Mlutheri,” alimwambia Fanueli, “dawa yako mpaka ije na meli kutoka Ulaya ndiyo uiamini. Mimi hapa presha ilikuwa inanipasua kichwa. Nimekunywa hii. Nitazame.”

“Nakutazama. Umezeeka.”

“Nimezeeka lakini nimesimama! Chukua, usije ukanifia nikakosa wa kumsema.”

Fanueli akachukua, angewezaje kukataa? Akachemsha, akajaza kwenye chupa ya chai, ile ya kutunza moto, akawa anakunywa kikombe mchana na kikombe jioni. Loveness alipoiosha ile chupa akaona uwekundu, akauliza kwa adabu zake zote.

“Baba, na vidonge vya hospitali umeviacha?”

“Niviache kwa nini?”

“Kwa hiyo unakunywa zote mbili.”

“Mama Aron, yule daktari amehangaika na mimi. Na Athumani ametoka Mnazi kule, amepanda mlima na mzigo kwa ajili yangu. Sasa unataka nimvunje moyo nani?”

Loveness alienda kumwaga maji machafu nje kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kama ni hilo tu, pengine lingepona. Lakini Fanueli alikuwa mzee wa kanisa, na kliniki ilikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa watu wa usharika wake. Kila mwezi muuguzi aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka nje kama mtu anatumia dawa za kienyeji. Fanueli, aliyewatenga watu kwa ajili ya waganga, ajibu ndiyo mbele yao? Mizizi ya Athumani haikuwa na mganga wala tunguri, ilikuwa mizizi tu kama tangawizi. Lakini nani angekaa kuwaeleza hayo watu wa benchi?

Na uongo naye hakuutaka. Basi akabuni njia yake mwenyewe, njia ambayo Loveness alipoigundua alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Siku chache kabla ya kliniki, mzee aliacha mizizi. Aliisuuza chupa, akaifunika kichwa chini juu ya meza, na vidonge akaendelea navyo. Alikuwa anajitakasa, kama mtu anayejiandaa kwa Chakula cha Bwana. Akifika kliniki akiulizwa, “Mzee, unakunywa dawa nyingine?” alijibu kwa dhamiri nyeupe, “Hapana, sinywi.” Siku hiyo alikuwa hanywi kweli.

Na presha yake, ambayo sasa ilishazoea kushushwa na vitu viwili, ilipobaki na kimoja ilipanda. Daktari akapima, akakunja uso, akaandika vidonge vizito zaidi. Mzee akarudi nyumbani, akashukuru, akajaza chupa yake. Mwezi uliofuata yaleyale. Safari hiyo kikaongezwa kidonge kingine, cha kukojoza. Na ile mizizi nayo ilikuwa inakojoza.

Ndipo kizunguzungu kikaja. Mzee akiinuka kwenye kiti alishika mlango kwanza, akasimama kama anasikiliza kitu. Siku moja aliangukia kwenye zizi. “Utelezi,” akasema. Kilikuwa kiangazi, zizi limekauka kama chapati. “Utelezi wa nini, Baba?” “Utelezi, Mama Aron, utelezi.”

Loveness akampigia mumewe.

“Kristian, baba yako anachanganya dawa.”

“Dawa gani?”

“Za hospitali na mizizi ya baba Athumani. Anaanguka.”

“Ah, baba ni mtu mzima, Lavi. Anajua anachofanya.”

“Hajui! Mpigie umwambie.”

“Nitampigia.” Akampigia kweli. Wakazungumza habari za mbolea na bei ya viazi, wakaagana, na mzee akarudisha simu akiwa amefurahi sana kwamba mwanawe anamkumbuka. Loveness alikaa jikoni akaikunja kanga yake mpaka ikatoa uzi.

Kliniki iliyofuata alidhamiria kusema mwenyewe. Walikaa kwenye benchi, na pembeni yao alikuwepo mama Klara, mke wa mzee mwenzake na Fanueli kwenye baraza la wazee. Safari hiyo daktari mwenyewe, kijana mpole, alitoka mlangoni na kadi mkononi.

“Mzee wangu, shikamoo. Mbona presha yako haitaki kutii? Kuna kitu kingine unatumia nyumbani?”

“Hapana, daktari.”

Loveness alihisi masikio yanawaka. “Baba,” akasema kwa sauti ndogo, “na ile ya kwenye chupa?”

Mama Klara akageuza shingo taratibu kama kinyonga.

“Chupa ya chai?” Fanueli akacheka. “Daktari, msamehe mkwe wangu. Anadhani chai ya rangi inapandisha presha.”

Benchi zima likacheka. Daktari naye akacheka, akasema chai si mbaya ila apunguze sukari, akaandika dozi iongezwe. Loveness aliyainamia mapaja yake. Angesema nini zaidi? Amwambie baba mkwe wake, mbele ya kadamnasi, kwamba ni mwongo? Hata Biblia imemwambia aheshimu.

Walipofika nyumbani mzee akachukua chupa yake akaanza kuisuuza ili aijaze, na hapo Loveness, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alivunja mwiko wa mkamwana.

“Baba, nisamehe, lakini leo nitasema. Ukienda kumpimia mtu shamba lake, halafu mwenye shamba ainue mguu mmoja wa fremu kwa siri wewe ukiwa hutazami, hilo tuta litakaaje?”

Mzee akasimama na chupa mkononi. “Litapinda.”

“Na mvua ikija?”

“Itabomoa. Nani ameinua mguu wa fremu?”

“Wewe! Unaacha mizizi ili ukapimwe, daktari anapima mtu ambaye hayupo, anampa dawa mtu ambaye hayupo, halafu dawa unakuja kuimeza wewe na mizizi juu yake! Baba, utatufia!”

Machozi yalikuwa yanamtoka, na aliogopa jinsi sauti yake ilivyopanda. Fanueli alikaa kwenye kigoda. Alikuwa mtu wa vipimo, na alijua amepatikana.

“Nitamwambia daktari,” akasema mwisho. “Kliniki ijayo. Kwa mdomo wangu mwenyewe, wasikie wote.”

“Na mizizi, Baba?”

“Mama Aron, mizizi nimepewa. Nitaitupaje zawadi ya mtu?”

Loveness alitoka nje akauangalia mlima. Alimwomba Mungu uvumilivu, maana yeye wa kwake alikuwa ameumaliza. Halafu akapata wazo. Ikiwa mzee hawezi kuikataa zawadi, basi aliyeitoa aichukue. Siku chache baadaye alipanda kwa mzee Athumani akamweleza yote.

Athumani alishika kichwa. “Anameza na vidonge? Zote? Mbona hakuniambia! Mimi nilidhani vidonge ameviacha. Huyu Mlutheri ana akili gani?”

“Hakutaka kukuvunja moyo.”

“Astaghafirullah. Moyo wangu umevunjika sasa! Kesho nakuja. Nilichompa mimi, mimi ndiye wa kukitwaa. Nitaichukua yote, nimfuate na shambani nimseme mpaka achoke.”

Kesho yake alikuja. Alimkuta Loveness ameshakwenda mtoni. Akaingia jikoni, akaitoa mizizi yote darini, akaitia kwenye mfuko, kisha akapanda shambani kumsema rafiki yake. Hakumkuta wa kumsema.

Mwili ulipelekwa hospitali kwanza, na Kristian alipofika kutoka Tanga waliitwa na yule daktari kijana. Loveness akamweleza kila kitu, chupa na kujitakasa na benchi. Daktari alisikiliza mikono ikiwa kichwani.

“Mama, siwezi kuapa kwamba ndicho kilichomuua,” akasema. “Lakini nikitazama ulivyonieleza, mizizi ilikuwa inashusha presha, na mimi nikawa naishusha, kila mmoja hamjui mwenzake. Mtu akiwa ameinama anakata majani, akainuka ghafla, damu haifiki kichwani. Giza. Anaanguka. Mngeniambia tu. Nisingemgombeza. Ningepima presha yake ilivyo, tukaamua. Hata kuacha kitu chochote ghafla peke yake nako kuna hatari. Angeniambia tu.”

“Tulikuambia,” Loveness akasema. “Ukacheka.”

Daktari akainamisha uso. Loveness akajuta kusema, maana yule kijana alicheka kwa sababu mzee alimchekesha.

Nyumbani msiba ulikuwa umejaa, na maneno yalikuwa yametangulia kufika kuliko mwili. Watu walikuwa wamemwona Athumani akitoka na mfuko jikoni kwa marehemu siku ileile. Mfuko ulikuwa wa nini? Mizizi? Alikuwa anaficha nini? Na mama Klara, aliyekuwa anamenya ndizi na wanawake wenzake, alikuwa na ushahidi.

“Mimi nilikuwepo kliniki,” alisema, kisu hewani. “Nimemsikia kwa masikio yangu haya mzee akimwambia daktari hanywi kitu. Na mzee Fanueli si mwongo. Basi kama kuna kitu kimekutwa tumboni mwake, amenyweshwa!”

Wenzake wakaguna. Kesho yake Athumani alikuja kukaa matangani. Mkeka ukaanza kupungua watu upande aliokaa. Hakuna aliyemtukana. Walihama tu, mmoja mmoja, kama wanaokwepa jua. Akakaa peke yake, kofia magotini, mwisho akainuka akaondoka bila kunywa hata chai. Na vijana wawili wakasema kwa sauti ya kusikika kwamba mzee yule akipeleka kabichi gulioni waone kama kuna atakayenunua.

Mchana huo ukoo ulikaa kuandaa historia ya marehemu, ile itakayosomwa kanisani. Mdogo wake Fanueli, mzee Zabron, aliongoza. Kristian alishika kalamu. Wanawake walikaa mlangoni kuelekea jikoni, Loveness miongoni mwao.

“Andika,” Zabron akasema. “Marehemu alisumbuliwa na presha kwa muda mrefu, na alifariki ghafla akiwa shambani. Basi. Nukta.”

Kristian akaandika.

“Siyo hivyo,” Loveness akasema kutoka mlangoni.

Watu wakageuka. Zabron akavua miwani. “Mkwe, hiki ni kikao.”

“Nisameheni, baba mdogo. Lakini mkisoma hivyo, baba Athumani atabaki mchawi mpaka anaingia kaburini. Mimi ndiye niliyemwita aje kuchukua mizizi. Mimi. Na mizizi baba aliipokea mwenyewe, akaichemsha mwenyewe, akaichanganya na vidonge, na akamficha daktari.”

“Unataka tumzike kaka yangu kama mtu wa waganga?” Zabron alipandisha sauti. “Mzee wa kanisa? Usharika wote unasikiliza?”

“Hakwenda kwa mganga. Alikunywa mizizi akaona haya kusema. Ni kwa ajili ya haya hiyo ndiyo tuko hapa!”

“Kristian, mkeo.”

Kristian aliitazama karatasi. Loveness alimtazama yeye, na machoni mwake mlikuwa na simu zote alizowahi kumpigia.

“Na wewe, baba mdogo,” Loveness akaendelea, maana ameshayavulia nguo maji, “nisamehe tena. Wewe pia una kadi ya presha. Ile birika iliyofunikwa na sahani kwenye dirisha lako, inachemshwa nini?”

“Ile?” Zabron akavaa miwani, akaivua. “Ile… ile yangu ni ya mgongo.”

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia akacheka, mwingine akakohoa. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaikumbuka birika yake. Mke wa Zabron, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akasema kwa upole, “Ya mgongo, na juzi ulishika ukuta ulipoinuka.”

Zabron alipangusa miwani yake kwa ncha ya shati muda mrefu.

“Daktari yuko kila siku au mpaka siku ya kliniki?” akauliza mwisho, na sauti yake ilikuwa nyingine.

“Yuko kila siku, baba mdogo.”

Kristian akachana karatasi, akaanza upya. “Sema, Lavi,” akasema bila kuinua macho. “Sema yote, mimi naandika.”

Siku ya maziko kulikuwa na ukungu mpaka saa nne. Kanisa lilijaa, waliokosa nafasi wakasimama nje chini ya miti. Matarumbeta yalipigwa, kwaya ikaimba. Kristian alisimama mbele ya jeneza akasoma historia ya baba yake: alivyozaliwa, alivyobatizwa, alivyomwoa Esteria, mashamba aliyoyapima. Kisha akasoma hivi:

“Baba yetu alikuwa na presha. Alitumia vidonge vya hospitali, na pamoja navyo alitumia mizizi aliyopewa kwa upendo na rafiki yake mzee Athumani, ambaye hakujua kuwa baba anameza vidonge. Daktari naye hakujua habari za mizizi. Baba hakuwaambia, kwa sababu alituonea haya sisi. Dawa hizo mbili zilimshusha nguvu, akaanguka. Mzee Athumani hana kosa. Familia inaomba kila mwenye kutumia dawa mbili akamwambie daktari, na mtu asimcheke.”

Kanisa lilivuma kama mzinga. Mama Klara aliinamisha kichwa akatafuta leso yake. Mchungaji alipopanda kuhubiri alisema kwamba mzee aliyelala mbele yao alikuwa mwaminifu kuliko wengi, na kama mtu wa namna ile aliogopa kusema neno dogo mbele ya benchi la wapendwa wenzake, basi wapendwa wana jambo la kumwomba Mungu msamaha. Hakuhubiri sana.

Loveness alikuwa amekaa na wafiwa. Hasira ilikuwa bado iko kifuani mwake, hakuna maombi yaliyoiondoa. Alimkasirikia mzee kwa maharage yale ya chumvi, na kwa utelezi wa kiangazi, na kwa kucheka pale benchi. Alimkasirikia kwa sababu alikuwa anampenda, na kwa sababu siku ya kliniki aliyoahidi kusema ilikuwa bado haijafika.

Jeneza lilibebwa kwa mabega mpaka kaburini, kando ya kaburi la Esteria. Wanaume walipokezana njia nzima, na katikati ya njia mzee Athumani, aliyekuja na wenzake wa msikitini, aliingiza bega lake chini ya jeneza, na aliyekuwa mbele yake akasogea kumpa nafasi. Mchungaji alisoma, akatupa udongo. Wakatupa Kristian na Loveness, akatupa Zabron. Kristian akamwita mzee Athumani, naye akaja akatupa udongo kwa mkono wa kulia, akarudi nyuma.

Vijana walifukia. Udongo wa huko ni mwekundu na ulikuwa na unyevu, haukutimka. Wakaulundika, wakausawazisha kwa majembe, wakasimika msalaba wa mbao ulioandikwa jina na miaka. Waliitwa wa kuweka maua: watoto, mkamwana, ndugu, wazee wa kanisa, majirani. Maua yalikuwa ya bustanini, yamefungwa kwa kamba za migomba. Mchungaji akatoa baraka. Watu wakanawa mikono kwenye ndoo zilizowekwa njiani, wakateremka nyumbani kula.